Desa la mwaka 47

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa kwanza chuo na tulikuwa tumeambiwa wote kwamba ukitaka kuanza kuandika programu anza na Python, ni rahisi, hata mtoto anaelewa. Basi nikaenda steshenari pale nje ya geti nikauziwa desa, shilingi elfu tatu, kurasa sitini na kitu, kopi ya kopi ya kopi, yaani nukta na koma ilikuwa unakisia tu. Laptopu nilikuwa naazima kwa mshikaji wa chumba kimoja. Kwa bando la usiku nikashusha Python yenyewe, na kwa kuwa mi ni mtu wa vitu vipya nikachukua toleo jipya kabisa la wakati ule, 3.3.

Mstari wa kwanza wa desa ulikuwa huu:

print "Habari dunia"

Nikaandika, nikabonyeza enta. SyntaxError: invalid syntax. Na chini yake kuna kakishale kanaonyesha mwisho wa mstari, pale kwenye alama za kufungia nukuu.

Sasa wewe ungefanya nini? Kishale kinaonyesha nukuu, basi tatizo ni nukuu. Nikafuta nikaandika upya. Nikaweka za moja moja badala ya mbili mbili. Nikawaza labda fotokopi imemeza kitu, labda pale mwisho kulikuwa na nukta imefutika, nikaliinua desa dirishani nalimulika kama muuza duka anayekagua noti ya elfu kumi. Nikaiondoa Python nikaiweka tena. Siku mbili hizo. Siku ya tatu nilishaanza kujiambia hii kozi sio yangu, nikaombe kuhamia ualimu, maana kama mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza umenishinda, huko ukurasa wa arobaini si nitalia.

Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alipita akielekea bafuni, ndoo mkononi, akachungulia kioo sekunde kama tano hivi. "Dogo, hili desa la Python 2, we umeweka 3. Weka mabano." Akaenda zake kuoga.

Nikaweka mabano. Habari dunia.

Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba Python 3.0 ilitoka Desemba 2008, na humo print iliacha kuwa amri ya kujitegemea ikawa fankisheni kama fankisheni nyingine, yaani unaiita kwa jina na unachoipa unakiweka kwenye mabano, kwa hiyo lazima mabano. Kwa hiyo desa langu lilikuwa limepitwa kwa takriban miaka mitano, na aliyeliandika hakukosea hata kidogo, siku anaandika lilikuwa sahihi kabisa. Ila hakuna mahali alipoandika namba ya toleo. Hamna. Kwenye utangulizi kulikuwa na sentensi moja tu: "Tutatumia toleo la sasa la Python." La sasa la lini jamani? Tangu siku ile nina ugomvi binafsi na neno "sasa" kwenye maelezo yoyote ya kompyuta, na kina ndugu zake, "hivi karibuni", "toleo jipya", "siku hizi". Yanasomeka vizuri siku ya kwanza tu.

Halafu print ilikuwa na heri, maana iligoma kwa kelele. Na raw_input nayo, ile ya kumuuliza mtumiaji aandike kitu, kwenye Python 3 haipo, ukiiita inakuambia jina hilo halijulikani, unajua kabisa hapa kuna tatizo. Kilichonitesa mimi ni kugawanya. Desa lilikuwa na mfano wa kugawana hela, elfu hamsini kwa watu watatu, 50000 / 3, jibu 16666. Mi nikipiga napata 16666.66 na msururu wa sita mpaka zinachosha. Python 2 ukigawa namba nzima kwa namba nzima inakupa namba nzima, inakata mkia. Python 3 inakupa desimali, ukitaka ya kukata unaweka mikwaju miwili. Mi sikujua hilo, na hakuna erori, hakuna kishale, hakuna chochote, kuna majibu mawili tu na mi nimekaa katikati. Unajua nilihitimisha nini? Kwamba kompyuta ya mshikaji ina virusi.

Nacheka saivi, lakini hiyo hitimisho ndo kitu ninachotaka kuongelea kwenye andiko hili lote. Maelezo ya lugha ya programu yakichacha, fundi haumii. Fundi hasomi, anajua kwa vidole. Anayeumia ni mgeni, na mgeni hana namna ya kujua kwamba kosa sio lake, yeye anajua kitabu kiko sahihi na yeye ndo mjinga. Ndo maana uchakavu wa nyaraka unaweza kukaa miaka bila mtu kulalamika, wanaoumia wanaona aibu kusema.

Python 2 yenyewe ilizikwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na lile toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, likatolewa Aprili mwaka uleule. Nilipita pale getini 2021 kufuatilia cheti. Desa lipo. Limepanda bei, elfu tano.

Sasa ukisoma mpaka hapa utadhani mi ni mtakatifu wa nyaraka. Ngoja nikupe msala wangu mwenyewe.

Nilipata kazi sehemu fulani, kampuni sitaitaja, tulikuwa na mafaili mengi ya Python ya kutengeneza ripoti na kutuma SMS za kukumbusha wateja. Kulikuwa hamna maelezo kabisa, ulikuwa unajifunza kwa kumuuliza kaka mmoja tuliyekuwa tunamwita mzee wa seva, na yeye alikuwa anajibu akijisikia. 2018 nikajitolea nikaandika mwongozo, kurasa kumi na nane kwenye Word, picha, mishale myekundu, jina langu juu kwa herufi nene. Bosi alinisifia mbele ya watu. Nilivimba kichwa wiki nzima. Faili likawekwa kwenye folda ya wote na mimi nikaendelea na maisha.

2024 tukabadilisha seva, tukaweka Ubuntu 24.04, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ambayo inakuja na Python 3.12. Mi na mzee wa seva tulifanya wikiendi, kila kitu kikapita vizuri, au ndo tulivyoamini. Wiki mbili baadaye akaajiriwa kijana, ndo ametoka chuo, mpole, kila asubuhi shikamoo kaka, akapewa kazi ya kwanza: weka mazingira ya ripoti kwenye mashine yako ya majaribio, fuata mwongozo upo kwenye folda.

Siku ya tatu jioni nilipita nyuma ya kiti chake kwenda kuchukua chai nikaona kioo chake chekundu juu mpaka chini. "Vipi dogo, unaendeleaje?" "Vizuri tu kaka, namalizia." Namalizia nini na huo wekundu. Nikavuta kiti.

Mwongozo wangu unasema andika python ripoti.py. Kwenye ile Ubuntu hakuna amri inayoitwa python, kuna python3. Siku yake ya kwanza iliishia hapo, kwa sababu alidhani Python haijawekwa, akaanza kuisaka aiweke. Akalitatua. Mwongozo wangu unasema sasa tumia pip, kile kifaa cha kushusha nyongeza za Python, kuweka vifurushi hivi. Ubuntu za siku... za tangu 2023 (mnaona, nami nilitaka kuandika lile neno) zinakataa, zinakuambia mazingira haya yanasimamiwa na mfumo wenyewe, tengeneza mazingira yako ya pembeni. Kijana hakujua hayo mazingira ya pembeni ni kitu gani kwa kuwa mwongozo wangu haukuyataja, akaingia mtandaoni akakuta kuna swichi inaitwa --break-system-packages, jina lenyewe linakuambia unaenda kuvunja kitu, akaiweka, ikapita. Siku ya pili hiyo. Siku ya tatu akafika kwenye programu yenyewe, mstari wa nne juu unaita strtobool kutoka distutils, moduli iliyokuwa inakuja na Python yenyewe, kakitu kadogo ka kugeuza maneno kama "yes" na "no" kuwa 1 na 0. Distutils ilitangazwa inaondoka tangu toleo 3.10, na 3.12 iliyotoka Oktoba 2023 ikaiondoa kabisa. Kwenye seva kubwa tulisharekebisha ile wikiendi. Lakini mwongozo ulikuwa unamwambia achukue nakala ya zamani kutoka kwenye folda.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akanyamaza kidogo. "Niliona jina lako juu kaka, nikajua mi ndo nakosea."

Aisee. Nilikuwa nimeshika kikombe, chai ikapoa.

Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kuufuata ule mwongozo tangu kama 2019. Nilikuwa natengeneza venv, ndo hayo mazingira ya pembeni, kila mradi, bila hata kufikiri, mikono inajiendea. Yaani nilijua njia nzuri zaidi kwa miaka mitano na sikuwahi kurudi kuiandika, sio kwa ubaya, haikunijia tu akilini kwamba pale kwenye folda kuna mtu mwenye jina langu bado anafundisha watu mambo ya 2018.

Na kulikuwa na jingine lililojificha zaidi, tumelikuta baadaye. Mfano wangu wa SMS ulitumia datetime.utcnow() halafu .timestamp(). Hiyo utcnow inakupa saa ya UTC, ile saa ya rejea ya dunia nzima, lakini haiandiki popote kwamba ni ya UTC, halafu .timestamp() ikiipokea inadhani ni saa ya hapa hapa. Seva yetu imewekwa saa za Dar, tofauti masaa matatu. Mtu mwingine wa idara ya pili alinakili mfano wangu kama ulivyo kutuma kumbusho kesho yake muda uleule mteja aliojiandikisha, mteja amejiandikisha saa mbili asubuhi, ujumbe unamfikia saa kumi na moja alfajiri. Hakuna erori. Kulikuwa na onyo tu, maana tangu 3.12 utcnow imewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kuondoka, na onyo linaingia kwenye logi, na logi nani anasoma. Wateja ndo walituambia, na hawakutumia lugha nzuri.

Baada ya hapo nikawa na ile hasira ya kutaka kujua wenye lugha yenyewe wanafanyaje, maana nyaraka rasmi za Python ni kubwa, mwongozo wa kila moduli, mafunzo ya wanaoanza, na toleo jipya linatoka kila Oktoba, na kila toleo linahudumiwa miaka mitano, kwa hiyo wakati wowote kuna matoleo kama matano yako hai na kila moja lina nyaraka zake. Mi na Word yangu moja nimeshindwa. Wao wanawezaje?

Nilidhani wana jeshi la waandishi. Kumbe kitu kikubwa ni mahali faili linapokaa. Nyaraka zipo kwenye folda inaitwa Doc, ndani ya hazina ileile ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, yenye kodi ya Python yenyewe (kodi hii sio ya TRA, tuelewane). Ukibadilisha tabia ya fankisheni unatarajiwa ubadilishe na maelezo yake kwenye ombi hilohilo la mabadiliko, na anayekagua kodi anakagua na maneno. Wangeziweka mbali, kwenye folda ya wote kama ya kwetu, ndo yale yale.

Halafu kuna vile vialama vyao. Wanaandika kwa maandishi ya kawaida, mtindo wa reStructuredText, Sphinx inayageuza kuwa kurasa, na wana alama kama versionadded, versionchanged, deprecated, kila moja ina namba mbele yake. Nilikuwa nimeziona miaka yote zile sentensi ndogo chini ya fankisheni, imeongezwa toleo fulani, imebadilika toleo fulani, nilikuwa naziruka kama matangazo. Lakini fikiria desa langu lingekuwa na kamstari kamoja tu pale kwa print, "imebadilika 3.0: sasa ni fankisheni, inahitaji mabano". Elfu tatu yangu ingekuwa na thamani. Na hiyo "sasa" hapo haina madhara kwa kuwa imefungwa kamba kwenye namba.

Kitu kingine ambacho sikukichukulia kama nyaraka ni ujumbe wa erori. Ile print bila mabano, matoleo yaliyofuata yakawekewa ujumbe unaosema wazi kwamba mabano yamekosekana kwenye print, na baadaye ukaongezewa na swali kama ulimaanisha print yenye mabano. Hebu ona hiyo. Mtu mmoja alikaa akamfikiria dogo mwenye desa la zamani na toleo jipya, akamwekea jibu palepale anapoanguka. Mi ningelipata hilo 2013 ningelala mapema.

Nikachangia na mimi, kadogo. Kwenye ukurasa mmoja wa mafunzo kulikuwa na mfano ambao matokeo yake yaliyochapwa hayafanani na yanayotoka ukiupiga mwenyewe. Nikasaini ile fomu ya wachangiaji, nikarekebisha, na kwa kuwa mi mswahili nikaongeza na maelezo ya sentensi tatu kwa nini. Mkaguzi akaniomba, kwa upole sana, nizitoe zote tatu nibakize matokeo sahihi tu. Niliumia kidogo. Baadaye nikaelewa: kila sentensi unayoiweka pale kuna mtu atalazimika kuitunza, na mtu huyo sio wewe. Ikaingia, roboti lao likaipeleka mpaka kwenye matawi ya matoleo yaliyotangulia, na mpaka leo nikipita ule ukurasa natabasamu kama mtu aliyepanda mwembe.

Tukarudi ofisini tukafanya mageuzi. Word ikafa. Maelezo yakawekwa kwenye mafaili ya maandishi pembeni ya kodi, na mifano yote ikaandikwa kwa ule mtindo wa mishale mitatu >>> na jibu chini yake, ili doctest iipige. Doctest kwa wasioijua ni kifaa kiko ndani ya Python tangu toleo 2.1 la 2001, kinapitia maandishi yako, kikiona mishale mitatu kinaendesha kile kilichoandikwa mbele yake na kulinganisha jibu na ulichoandika chini, visipofanana kinapiga kelele. Mara ya kwanza kuiendesha kwenye mwongozo wangu wa kurasa kumi na nane, mifano kumi na mmoja ilianguka. Mzee wa seva alicheka mpaka akakohoa. Anasema, "mwalimu, wanafunzi wako walikuwa wanasoma riwaya."

Nikajiona nimemaliza. Sijamaliza. Doctest inapima kodi, haipimi maneno. Kwenye maelezo mengine, ninayofundishia vijana, tulikuwa na sentensi inasema kamusi ya Python, ile dict ya kuweka vitu kwa majina yake, haina mpangilio, usitegemee vitu vitoke kama ulivyoviingiza. Ilikuwa kweli enzi hizo. Kuanzia 3.7 mpangilio wa uingizaji umehakikishwa na lugha yenyewe. Mfano uliokuwa chini ya sentensi ile unapita doctest vizuri kabisa, kijani, na sentensi juu yake ni uongo. Aliyeigundua sio mimi, ni binti mmoja, na huyu inabidi nimweleze vizuri.

Jumamosi huwa nafundisha vijana kwenye chumba cha kuazima Sinza, wengi wamemaliza form six wanasubiri chuo. Tuna maelezo yetu ya Kiswahili, tumeyaandika wenyewe watu kama wanne, na tumegombana sana humo, kwa mfano "loop" ile ya kurudiarudia amri, mwenzetu mmoja alitaka iitwe kitanzi, mi nikasema siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu niwaambie wajitie kitanzi, tukaishia lupu. Sasa binti huyu alikuja hajawahi kugusa kompyuta zaidi ya simu. Nikamwambia, leo hutajifunza, leo utanifundisha. Soma ukurasa kwa sauti, fanya unachoambiwa, mi nimekaa hapa na daftari na nimekatazwa kuongea.

Nakuambia ukitaka kuteseka jaribu hiyo, kukaa kimya. Dakika ya nne akaanza kuandika mishale. Yaani kwenye mfano kuna >>> mwanzoni, na yeye akaiandika yote mitatu, kisha amri. Mishale hiyo Python huiweka yenyewe, mtu haiandiki. Lakini kwa nini asiandike? Imeandikwa pale. Nimefundisha mwaka mzima na sikuwahi kuona hilo, kwa kuwa huwa nipo nyuma ya mtu, akigusa tu nasema "hiyo acha". Maelezo yalikuwa na shimo na mi ndo nilikuwa ubao wa kulifunika. Kisha vile vinukta vitatu vya kuendelezea mstari, navyo akaviandika. Kisha akafika pale tulipoandika kwamba ukiandika exit bila mabano itakuletea ujumbe wa kukuambia uweke mabano, usiogope. Akaandika exit. Ikafunga. Kimya. Akanitazama, macho makubwa, "ticha nimeharibu?" Hakuharibu kitu, laptopu ile ilikuwa na 3.13, na 3.13 imekuja na uwanja mpya wa kuandikia amri ambapo exit peke yake inatosha. Walioboresha wameboresha kweli, sisi ndo tumemtisha mtoto wa watu.

Na ndo yeye aliyefika kwenye dict akauliza, "mbona mnasema haina mpangilio na mimi kila nikijaribu inatoka ileile?" Amejaribu mara sita. Nikaandika kwenye daftari. Siku ile peke yake nilitoka na vitu kumi na saba, saa moja na nusu tu, na kati ya hivyo kumi na saba doctest ingekamata viwili.

Tangu hapo kila ukurasa wetu una kamstari juu: umejaribiwa na nani (tunaandika cheo tu, mwalimu au mgeni), kwa Python namba ngapi, mwezi gani. Nilitegemea wasomaji watakaa mbali na kurasa zenye tarehe za zamani. Wala. Wanazisoma, ila wakikwama wanaangalia juu kwanza kabla ya kujilaumu, na wakituma skrinishoti WhatsApp hawaanzi tena na "samahani ticha mi sijaelewa", wanaanza na "ticha hii ya Machi".

Tafsiri ndo imetushinda nusu. Tulichukua sehemu za mafunzo rasmi tukatafsiri, tukaandika Kiswahili chetu kizuri, na hatukuweka popote kwamba aya hii imetoka kwenye aya ipi ya Kiingereza, ya lini. Miezi minane baadaye asili imebadilika na hatujui wapi. Wenzetu wanaotafsiri nyaraka za Python kwa Kijapani, Kifaransa na lugha nyingine wanafanya sentensi kwa sentensi kwenye mafaili ya gettext, yanayoweka sentensi ya asili na tafsiri yake pamoja, sentensi ya Kiingereza ikibadilika tafsiri yake inabandikwa alama ya fuzzy, na ukurasa ukijengwa sentensi hiyo inarudi Kiingereza mpaka mtu aipitie. Msomaji anakutana na ukurasa mchanganyiko, hapa Kifaransa pale Kiingereza, unaonekana kama nguo ya viraka. Zamani ningesema hiyo ni aibu, bora tafsiri ya zamani kuliko kiraka. Saivi nachagua kiraka. Watu wa PHP, lugha nyingine ya programu, nao wana njia yao, juu ya kila faili lililotafsiriwa wanaandika alama ya toleo la Kiingereza lililotumika, mashine inalinganisha na kukuambia hili limeachwa nyuma. Kitu cha mstari mmoja! Sisi tulikuwa na muda wa kubishana kitanzi wiki tatu na hatukuwa na muda wa mstari mmoja.

Kwa hiyo tumefuta. Kurasa zote ambazo hatukuweza kujua zilitoka wapi tumezifuta, zimebaki ishirini na mbili. Mwenzetu mmoja hakuongea nami mwezi mzima, alikuwa amezitafsiri nyingi yeye, usiku, kwa bando lake, na namwelewa. Lakini hapakuwa na mtu wa kuzilea.

Wiki iliyopita yule binti, saivi yuko chuo mwaka wa kwanza, kanitumia skrinishoti. Ameweka 3.14, ile ya Oktoba 2025, na kuna ujumbe wa erori kwenye ukurasa wetu wa tisa haufanani na anaouona. Nikamwambia safi, rekebisha wewe, sasa hivi wewe ni mwenzetu. Akauliza, "naanzia wapi ticha?" Nikamtumia linki ya ukurasa wetu wa namna ya kurekebisha kurasa, nimeuandika mwenyewe, una picha na mishale myekundu, sijaacha tabia.

Baada ya dakika kumi akajibu: "Ticha, hicho kitufe cha kijani ulichozungushia duara mbona kwangu hakipo?"